Fundi Aliyeonja Maji

Rezista haifi, huuawa. Hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia kinywani mwake. Alilisema akiwa ameshika kijiti cheusi kilichoungua, mbele ya watu wanne waliotaka awashe mashine upesi. Hakuwasha. Alikigeuza kile kijiti kama mtu anayetazama jino lililong'olewa, akakinusa, akauliza, "Nani aliyemwua huyu?" Tukacheka. Yeye hakucheka.

Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, na wajukuu, nao wana lao la kusema juu ya mzee wao. Sisi tulimwita Fundi na yatosha. Mafundi walikuwa wengi Changamwe miaka ile ya vita, wa mbao, wa mabomba, wa kuchomelea vyuma, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua ni yeye.

Nami niseme mapema mimi ni nani, maana sipendi mtu anisome akidhani ninajua nisichokijua. Nimesoma darasa mbili za misheni kwetu Rabai, nikatoka. Nimebeba magunia Kilindini mpaka bega likaota sugu. Nyumba yangu ya Mikindani nimeijenga kwa mikono hii, na watoto wangu wamesoma mpaka wamechoka wenyewe. Sikupewa kitu na mtu. Hivyo ndivyo nimekuwa nikisema miaka yote. Leo naandika habari za Fundi, na msomaji atapima.

Karakana yetu ilikuwa ya mabati, juu kidogo ya mikoko, mahali ambapo upepo wa bahari hufika ukiwa umechoka. Meli za vita zilikuwa zikiingia Kilindini kila siku. Kila meli ina mlingoti, na kila mlingoti una nyaya za simu ya upepo, zimeshikwa na vikombe vya kauri ili umeme usivuje. Kikombe kikiwa na ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, umeme huvuja na simu hunyamaza. Meli bubu katika bahari ya vita imekwisha kufa, haijazama tu. Kazi yetu ilikuwa kuvipima vile vikombe kabla havijapandishwa.

Tulivipima kwa koili. Ilisimama katikati ya chumba, ndefu kama mtu, imezungushiwa waya mwembamba toka kiunoni hadi kichwani. Ukiwasha ilinguruma na kutupa cheche za zambarau, ndefu kama mkono. Kikombe kizima kilivumilia, cheche zikatambaa nje yake. Kikombe chenye ufa, cheche iliingia ndani, tak! Tunakitupa. Ukilijua hilo umeijua mashine nzima, isipokuwa jambo moja, nalo ni teke.

"Cheche hupiga teke nyuma kama punda," alitueleza Fundi. Nyuma ya cheche kulikuwa na transfoma, sanduku zito lililojaa waya na mafuta, lile linalozaa umeme mkali. Teke likiifikia leo, na kesho, na kesho kutwa, transfoma hutoboka ndani na haiponi. Kwa hiyo kati ya cheche na transfoma huwekwa rezista, zilipokee teke zenyewe. Zikiungua, hubadilishwa. Ndiyo kazi yake.

Transfoma ilikuwa moja. Nyingine haikuwapo mpaka ng'ambo, na meli za kutoka ng'ambo zilikuwa zikizamishwa. Ikifa hiyo, chumba kimefungwa na sisi tumerudi kwenye magunia. Na kwa Fundi kulikuwa na zaidi. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa umekaa mfukoni mwa Mzungu, msimamizi wetu, tangu siku ya kwanza. Fundi alikuwa mtu wetu wa kwanza kukabidhiwa. Aliufunga kwa uzi, akauvaa shingoni ndani ya shati, na heshima yake yote akaiweka ndani ya lile sanduku la mafuta.

*

Alisoma rezista iliyokufa kama wengine wasomavyo barua. Iliyoungua katikati ilibebeshwa mzigo mkubwa kwa muda mrefu. Iliyoungua ncha moja, skrubu yake ililegea, umeme ukaruka pale badala ya kupita. Isiyoungua popote lakini imekufa, iliangushwa na mtu naye akanyamaza. Na ile yenye mstari mweusi nje, kama njia ya sisimizi, iliuawa na hewa ya bahari: vumbi na chumvi vimeganda juu yake, cheche ikapita nje isipite ndani.

"Usimlaze mwingine kitanda alichouawa wa kwanza," alisema. "Mtafute kwanza muuaji."

Wakati huo mimi nilikuwa mfagiaji. Wiki moja zikafa rezista tatu, zote alasiri. Asubuhi mashine nzima, alasiri maiti. Fundi akakalia kreti siku mbili bila kugusa kitu. Mzungu akaja, akamkuta amekaa.

"Wewe nakaa tu?"

"Namngoja muuaji, Bwana. Huja baada ya chakula."

Siku ya pili, saa saba na nusu, akaniona naingia na nusu limau na majivu kwenye kifuu. Kwenye mashine kulikuwa na vitufe viwili vya shaba vinavyotazamana, cheche huruka kati yao. Mimi nilikuwa nikifungua skrubu, navitoa, navisugua vikang'aa kama masinia ya mke wangu siku ya sikukuu, navirudisha. Sikuagizwa. Niliona ni usafi.

"Ewe Mrabai, njoo hapa."

"Naam, Fundi."

"Limau la nini?"

"La kusugulia, Fundi. Vinaingia weusi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ukivirudisha, pengo lake unalipima kwa kitu gani?"

"Kwa jicho."

Akatoa mfukoni senti kumi, ile yenye tundu, akaipitisha kati ya vitufe. Ikapita ikicheza. Akashikanisha mbili, zikapita. Akaniangalia.

"Pengo likiwa pana, cheche haitoki upesi, yangoja mpaka imejaa hasira. Ikitoka, apigwaye ni yule wa katikati. Watatu umewaua kwa limau, bwana."

Nikasema, "Ni mimi basi, Fundi. Nisamehe."

Nilidhani nimekwisha kazi. Akanijibu, "Asemaye ni mimi, huyo hufundishika." Kesho yake ufagio ukapewa mtu mwingine, mimi nikapewa bisibisi. Ndivyo nilivyoingia ufundi.

*

Mkono wake wa kushoto ulikaa mgongoni. Ukishika umeme mkali kwa mikono miwili, huingia huku ukatokea huku, na njiani upo moyo. Kwa hiyo alifanya kazi kwa mkono mmoja, na sisi akatufundisha hivyo. Hilo ni sawa. Lakini alikwenda nao mgongoni sokoni. Alisalimia watu nao uko mgongoni. Aliendesha baiskeli hivyo hivyo toka kwake Kisauni, akavuka daraja la Nyali lililokuwa likielea, akakata mji mzima mpaka Changamwe. Jioni akiteremka kilima cha Changamwe ndipo aliposhika usukani kwa yote miwili, tena akitazama kama kuna anayemwona.

Muuza samaki mmoja alidhani ule mkono umekauka. Akamwongezea changu mmoja. "Chukua, baba, mkono mmoja ni mtihani." Fundi akapokea kwa kulia, akashukuru, na kushoto hakuutoa. Alitusimulia mwenyewe. Ndio mzaha wake pekee ninaoukumbuka, na sijui kama kwake ulikuwa mzaha.

Chai yake ilikuwa sukari iliyotiwa maji. Tambuu aliipenda kufa, na hakuigusa mpaka mashine imezimwa. Ukimwita mganga alikasirika siku nzima. Na watu wa Changamwe walimwita hivyo kwa sababu ya vile vioo, nitakavyovieleza huko mbele. Walisema amefuga majini mle ndani. Yeye alisema ni ujinga, kisha akasema Bismillahi kwa sauti kabla ya kuwasha swichi, na asiposikia mwenyewe alirudia.

Kwetu mtu akifa, wazee wa zamani walikuwa wakiuliza nani kamwua, wakaenda kupiga bao kwa mganga. Fundi alitucheka kwa hilo. "Binadamu hufa kwa siku yake, wallahi. Usitafute mtu." Mtoto wake wa kike alipokufa kwa homa, hakuuliza hata alipewa dawa gani. Siku ya nne akarudi kazini, akakuta rezista moja imekufa akiwa matangani. Akaishika, akaketi nayo toka asubuhi mpaka adhuhuri, akiuliza. Nani aliwasha? Alikaa wapi? Skrubu aliikaza nani? Tukamjibu yote, akauliza tena. Hatukujua la kumfanyia, tukaendelea kumjibu.

*

Rezista za asili, zile zilizokuja na mashine, zikaisha. Mzungu akaandika barua, akaandika nyingine, zikaja barua tu. Siku moja Fundi akaja na vioo viwili vya taa ya mafuta, vile virefu vilivyo wazi juu na chini. Akaviziba kwa vizibo na lami, akapitisha kijiti cha shaba kila upande, akavijaza maji. Akavifunga pale pale rezista zilipokuwa zikifungwa.

Maji ni rezista. Waliosoma wataeleza kwa nini. Mimi najua kwamba ni kweli maana nimeitumia. Maji yakiwa matamu mno, umeme haupiti na koili hulala. Yakiwa ya chumvi, umeme hupita, na teke hupita pamoja nao. Yanatakiwa ya katikati, na katikati ile Fundi aliijua kwa ulimi. Siku moja Mzungu aliazima mita ya umeme bandarini akayapima, akakuta ulimi na mita vinasema neno moja. Akaandika kwenye daftari lake, akairudisha mita bandarini, na hatukuiona tena.

Maji yaliletwa kwa debe toka kisima cha juu, njia ya Mikindani. Yalibadilishwa kila wiki, maana yaliingia ukijani wa shaba na mengine yalikauka kwa joto. Mashine ikifanya kazi saa moja, vile vioo huwezi kuvishika. Kabla ya kuyatia Fundi aliyaonja, na kuonja kwake kulikuwa na utaratibu kama wa ibada. Husukutua kwanza. Hungoja kiasi cha mtu kuvuta sigara moja. Huchukua funda dogo, hulikalisha chini ya ulimi, macho wazi. Huenda mpaka mlangoni, hutema nje, mchangani, upande wa kushoto wa kizingiti. Daima kushoto. Siku ya kubadilisha maji hukosi kuona pale pamelowa. Kisha hurudi, hutia chumvi kwa ncha ya kidole, huonja tena, hutema tena, mpaka aseme, "Haya, sasa ni chozi la mtoto." Chozi la mtu mzima, alisema, lina chumvi kupita kiasi.

Ukaja mwezi wa Ramadhani.

"Mashehe wasema ukionja ukatema hapana neno," alituambia. "Mimi nasema liko neno. Ulimi wangu umefunga." Akanitazama mimi, maana wengine wote waliobaki chumbani walikuwa wamefunga. "Mrabai, ulimi wangu ni wako mwezi huu. Siku ya kuonja, asubuhi usile pilipili, usitie tumbaku, usile ng'onda. Wasikia?"

"Nasikia, Fundi."

Wiki ya kwanza nilionja kama alivyonifundisha. Ya pili pia. Alisimama kando, mkono mgongoni, akinitazama shingo kama mtu anayefundisha mtoto kusoma. Nilijivuna. Ulimi wa mtu wa darasa mbili ulikuwa unafanya kazi ya mita.

Wiki ya tatu kulikuwa na vikombe vya meli iliyokuwa inangojea kuondoka. Mzungu alikuwapo mwenyewe, saa mkononi. Mchota maji alikuwa mtu mgeni toka bara, siku zake chache pale. Kamba ya kisima cha juu ilikuwa imekatika asubuhi ile, naye akateka kisima cha chini, karibu na mikoko. Hakusema. Aliona maji ya mashine si ya kunywa, basi kisima ni kisima. Hayo niliyajua baadaye.

Langu mimi ni hili. Asubuhi ile nilikuwa nimekula muhogo na ng'onda, yule samaki wa chumvi, nyuma ya stoo. Nilijificha kwa adabu, maana wenzangu wamefunga, na nilijificha pia kwa kuwa nilikatazwa. Mdomo wangu ulikuwa chumvi tupu. Kusukutua na kungoja kungechukua muda, Mzungu anatazama saa, na Fundi angeuliza kwa nini nasukutua mara tatu. Nikakiinua kikombe cha maji, nikakigusisha mdomoni, nikakiweka.

"Matamu, Fundi."

"Kama ya juzi?"

"Kama ya juzi."

Akatia chumvi yake ya kawaida kwa ncha ya kidole. Hakuweza kuonja. Akajaza vioo, akaviziba, akavifunga, akasema Bismillahi, akawasha.

Koili haijapata kuimba vile. Cheche zilitoka ndefu, nene, Mzungu akacheka peke yake. Vikombe vikaenda haraka, vizima huku, vibovu kule. Tulikuwa tumebakiza kreti moja transfoma ilipotoa mdundo mmoja ndani ya sanduku, kama nazi ikianguka kwenye mchanga mbichi. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa. Koili ikanyamaza.

Fundi akazima swichi. Hakukimbilia transfoma. Alipeleka mkono wa kulia akashika kioo kimoja, kile ambacho siku zote huwezi kukishika, akakishika kwa kiganja kizima.

"Baridi," alisema. "Hawakupokea hata teke moja."

Mzungu akatoka kwa kishindo, tukasikia gari lake linaondoka. Fundi akaenda akasimama mlangoni. Akatazama chini, nje, kushoto kwa kizingiti, kitambo. Nilidhani anatazama vumbi la gari. Kisha akageuka akanitazama mimi, akarudi ndani. Akafungua kioo kimoja na maji yake, akakiviringisha kwenye kilemba chake, akakifunga kwenye baiskeli, akaenda kwao kichwa wazi.

*

Kesho yake asubuhi tukaitwa chumbani mimi na yeye. Mzungu alikuwa amesimama kando ya transfoma, kifuniko kimefunguliwa, waya zimekuwa nyeusi.

"Nini naua hii?"

"Maji, Bwana," Fundi akasema. "Yalikuwa ya chumvi. Niliyaonja jana baada ya magharibi."

"Jana asubuhi nani naonja?"

Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Fundi hakugeuza shingo.

"Ulimi ni wangu, Bwana."

"Mimi nauliza nani."

"Nimejibu."

Mzungu akangoja. Nami nikangoja, kama kwamba mwenye kujibu alikuwa mtu wa nne asiyekuwapo. Nilitazama skrubu moja iliyokuwa sakafuni, naikumbuka mpaka leo, ya shaba, kichwa kimeliwa upande mmoja. Nilikuwa nafikiri kwamba skrubu ile haifai tena. Hilo ndilo nililolifikiri.

Fundi akavuta uzi shingoni kwa mkono wa kulia, akauweka ufunguo mezani. Akatoka. Alisema, "Haya, kwaherini," kama anayekwenda kusali atarudi.

Mzungu akanigeukia. "Wewe najua hii kazi?"

"Najua," nikasema. Sikusema neno jingine siku ile.

Tulirudi kwenye magunia miezi miwili. Kisha ikaletwa transfoma ya zamani, ilitolewa katika meli iliyojeruhiwa, na mimi nikaitwa, nikapewa ufunguo. Nikauvaa shingoni kwa uzi wake. Kwa kazi ile nilinunua kiwanja, nikajenga, nikasomesha. Watu wakiandika habari kama hizi hupenda kusema hawakupata usingizi. Mimi nilipata. Nilikula nikashiba. Kanisani niliketi mbele. Mchota maji toka bara nilimfukuza mimi mwenyewe, na nilimfukuza kwa haki, maana kisima alikosea.

Kuonja nilionja kila wiki, kwa utaratibu wote, na kutema nilitema kushoto. Vita vikaisha, zikaja rezista za kiwandani ndani ya makasha ya majani makavu, vile vioo vya taa nikavipeleka nyumbani. Kimoja kilivunjwa na watoto. Kimoja ninacho.

Fundi nilimwona njiani mara mbili katika miaka ile. Alikuwa akitengeneza taa na stovu barazani kwa mtu, huko Kisauni. Mara zote mbili nilimwona kabla hajaniona, nikapita njia nyingine.

*

Miaka michache baada ya vita nikasikia hajiwezi. Jumapili moja nikatoka kanisani, nikanunua ratili mbili za sukari kwa ajili ya ile chai yake, nikaenda. Kwake kulikuwa upande wa Mjambere, huko huko Kisauni, nyumba ya udongo na makuti, uwanja umefagiwa.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?" Alikuwa mkewe.

"Mimi, mama. Wa karakana. Mrabai."

Alinitazama kitambo kabla ya kuipokea sukari. "Mrabai," alisema. "Ingia. Yu macho."

Alikuwa kitandani, kitanda cha kamba, amelala ubavu, uso ukutani, mgongo kwetu. Mkono wa kushoto ulikuwa mgongoni, kiganja wazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakugeuka. "Hiyo sauti naijua. Transfoma yaliaje?"

"Yanguruma kidogo. Ni ya zamani."

"Na rezista?"

"Zimekuja za kiwandani. Za kauri."

"Zafa?"

"Moja ilikufa mwezi uliopita."

"Iliungua wapi?"

"Nchani."

"Skrubu."

"Naam, skrubu. Nimeikaza."

"Vyema." Nami nilikuwa nimekuja na maneno toka Mikindani, nilikuwa nimeyapanga ndani ya basi, mstari kwa mstari. Nikayatafuta. Hayakuwapo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kofia mapajani, nasikia kuku nje.

Mkewe akaleta kikombe cha maji, akaniwekea. Fundi akasema, "Ngoja usinywe. Homa hii imenichukulia ulimi, Mrabai. Kila kitu ladha ya chuma. Bibi huyu asema kisima chetu kimeharibika, jirani asema hakina neno, na mimi sijui tena. Nionjee."

Mkewe akasema, "Mgeni huyo, mwache anywe kwa raha!"

"Nionjee," akarudia.

Nikamwomba mkewe maji mengine, yasiyo ya kisima kile, nikasukutua. Nikangoja kiasi cha kuvuta sigara moja. Yule mama alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na uso wa Fundi ulibaki ukutani. Nikachukua funda dogo, nikaliweka chini ya ulimi. Macho wazi. Nikaenda mpaka mlangoni, nikatema nje, mchangani, upande wa kushoto. Lilisikika lilipoanguka.

Nikarudi. "Ya chumvi, Fundi."

"Sana?"

"Yanapita ya kile kisima cha chini."

Ule mkono wake wa mgongoni ulifumba polepole, kisha ukafumbua.

"Leo umetema," alisema.